Siku ya Kukaa Mude: Shajara ya Siku Tano Mlima Elgon

Njia ya Sasa kwa kawaida huendwa kwa siku nne: moja hadi Mto Sasa, moja hadi Pango la Mude, moja ya kilele cha Wagagai, moja ya kushuka. Shajara hii ni ya siku tano. Siku iliyoongezwa ni ya tatu, ambayo hakuna hema lililong'olewa, na ndiyo iliyokula kurasa nyingi kuliko zote.

Msafara: watu tisa wa kikundi, waongozaji wawili, askari mmoja wa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, wapagazi tisa. Jumla 21. Kulikuwa na Wagisu, Wasabiny, Wateso na mmoja wa ng'ambo ya Malaba, kwa hiyo lugha ya kambi ilikuwa Kiswahili, isipokuwa wapagazi walipotaka kucheka viatu vya watu. Hapo waliingia Kigisu. Mwezi ni Januari, kiangazi kirefu. Kiangazi kingine, Juni hadi Agosti, kinafaa pia ila alasiri zake zina mvua zaidi.

SIKU YA KWANZA. Budadiri (mita 1,250) hadi Mto Sasa (mita 2,900)

Saa 1:00 asubuhi. Mizigo yote ilipimwa kwa mizani ya kuning'iniza, ile ile ya wanunuzi wa kahawa. Kikomo cha kikundi kilikuwa kilo 15 kwa mpagazi, blanketi na chakula chake vikiwemo. Mtungi wa gesi wa kilo 6 ukijaa, na kichwa cha jiko juu yake, unakaribia kilo 14, kwa hiyo mtungi mmoja ni mzigo wa mtu mmoja na hauongezwi kitu. Mitungi ilikuwa miwili. Makosa ya kawaida hapa ni kukadiria kwa mkono: mfuko wa unga na mfuko wa nguo hufanana unapouinua mara moja, ila tofauti ya kilo nne itaonekana saa nne baadaye, kwenye ngazi.

Mkoba wa kila mtu ulipangwa hivi: begi la kulalia chini kabisa, ndani ya kaveera (mfuko wa plastiki) nene iliyofungwa kwa kusokota na kukunja mdomo, vitu vizito katikati, vikigusa mgongo, koti la mvua na maji juu. Kifuniko cha nje cha mkoba hakitoshi. Maji hupitia upande wa mgongoni, mahali ambapo kifuniko hakifiki, na begi la kulalia likilowa Elgon halikauki mpaka urudi Mbale.

Saa 2:00. Mwendo ulianza katikati ya migomba na mikahawa. Saa ya kwanza ndiyo hatari kwa sababu njia ni pana, watoto wanasalimia, na kila mtu anataka kuonekana ana nguvu. Kipimo ni rahisi: asiyeweza kumaliza sentensi nzima bila kuhema anakwenda mbio. Afande alitangulia, mwongozaji mmoja akashika mkia, na aliye dhaifu zaidi akawekwa wa tatu kutoka mbele. Ukimweka mwisho, kila mara wengine wanaposimama kumsubiri wanapumzika, na yeye akifika wanaondoka. Hapumziki hata mara moja.

Saa 5:15. Majabali ya Mudange. Hapa ngazi hupanda ukuta wa mlima kuelekea ndani ya hifadhi. Kanuni ni mtu mmoja kwa ngazi moja, uso ukiuelekea ukuta, fimbo zikiwa zimefungwa kwenye mkoba. Fimbo inayoning'inia mkononi kwa ugwe wake hunasa kwenye kipandio na kukuvuta nyuma. Asiye na zamu asisimame chini ya ngazi. Asogee pembeni, kwa sababu vijiwe huanguka. Watu 21 walitumia dakika 50 hapo, na muda huo lazima uwe kwenye ratiba. Ratiba nyingi haziutaji.

Juu ya majabali msitu hubadilika, miti mikubwa ya podo na teki ya Elgon ikipisha mianzi. Machipukizi ya mianzi hii ndiyo malewa, yanayokaushwa kwa moshi, kuuzwa sokoni Mbale na kupikwa kwa karanga. Chini ya mianzi ni tope wakati wote, hata Januari, kwa kuwa jua halifiki. Wapagazi walivaa gambuti na walikuwa na haki. Viatu vya mlima hushinda gambuti kwenye miamba, lakini katika ukanda huu gambuti ni bora, mradi soksi ziwe mbili na ya ndani iwe nyembamba.

Saa 9:40. Kambi ya Mto Sasa. Kupanda mita 1,650 kwa siku moja ni kwingi. Maharagwe yalikuwa yamechemshwa Budadiri na yaliliwa yote usiku huo, kwa sababu yaliyochemshwa yakishinda siku ya pili katika joto la mkobani huchacha.

SIKU YA PILI. Mto Sasa hadi Pango la Mude (mita 3,500)

Siku fupi, saa nne za mwendo. Mianzi inaisha, inafuata miti mifupi yenye ndevu za kuvumwani, kisha nyasi za mafungu na lobelia za kwanza. Kikundi kiliondoka saa 3:00 na kufika saa 7:10 mchana.

Ushauri unaofuatwa na wapandaji ni kwamba ukishavuka mita 3,000, pahali pa kulala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500. Kutoka Sasa hadi Mude ni mita 600, na kambi haziwezi kusogezwa. Deni hilo la mita 100 ndilo lililozaa siku ya tatu.

Kusimika mahema Mude kuna mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, hewa baridi ni nzito, na usiku hushuka mlimani kama maji. Hutuama kwenye mabonde madogo. Hema likiwa shimoni lina baridi kuliko lililo hatua 20 juu yake, hata kama shimo linaonekana limejikinga na upepo. Mgongo wa hema uelekee juu ya mlima, mlango chini. Pili, udongo ni mwembamba na chini yake kuna mwamba, kwa hiyo kigingi kikigoma kwa sentimita 8 usikipige kwa jiwe mpaka kipinde. Kilaze chini, kizungushie kamba, kisha weka juu yake jiwe la kilo 10 hivi. Mahema matatu kati ya sita yalifungwa hivyo.

Saa 1:30 usiku kila mtu aliulizwa mambo manne: kichwa, tumbo, uchovu, kizunguzungu. Kila jambo hupewa alama 0 hadi 3. Hicho ni kipimo cha Lake Louise. Ukiwa na maumivu ya kichwa na jumla ikafika 3, una ugonjwa wa kimo. Majibu yaliandikwa daftarini na mtu mmoja, wala hayakuulizwa mbele ya wote, maana mbele ya wote kila mtu ni mzima. Usiku huo: sita walikuwa na 0 au 1, wawili 2, mmoja 3.

SIKU YA TATU. Mude, bila kuhama

Saa 12:50 asubuhi. Jua lilitokeza. Kipimajoto kilichotundikwa kwenye kivuli kilisoma nyuzi 2, na bado juu ya mahema kulikuwa na barafu nyembamba. Si kwamba kipimajoto kilidanganya: kitambaa cha hema hutoa joto lake kuelekea anga wazi usiku kucha na kupoa kuliko hewa inayokizunguka. Waliofunga madirisha yote ya hema walikuta barafu hiyo ndani pia, pumzi yao wenyewe, na ilipoyeyuka iliwadondokea vichwani. Tundu la juu huachwa wazi hata kukiwa na baridi.

Alama za asubuhi: wawili 3, mmoja 4, wengine chini ya hapo. Kwa ratiba ya siku nne, hao watatu wangekuwa tayari njiani kwenda kileleni tangu alfajiri. Mwenye 4 alibaki kambini na mwongozaji mmoja, akanywa chai na uji, akapewa parasetamoli gramu 1. Agizo lilikuwa kwamba kichwa kisipopungua kufikia mchana, atashushwa Sasa. Kufikia saa 6 alikuwa na 1.

Maji. Watu 21 kwa lita 4 kila mmoja, kunywa na kupikia, ni lita 84. Yalichotwa kijitoni kwa jerikeni za lita 10, safari tisa, si kwa za lita 20: ukiteleza na kilo 20 kwenye nyasi zilizolowa, utapoteza maji na pengine kifundo cha mguu. Kuchemsha maji yote ya kunywa kungekula gesi nyingi mno. Lita moja kutoka nyuzi 8 hadi kuchemka inahitaji gramu 12 hivi za gesi jiko likiwa limekingwa, na inaweza kupita 20 upepo ukilipiga. Kwa hiyo maji ya kunywa yalitiwa vidonge vya klorini, kipimo cha pakiti, baada ya kuchujwa kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne. Pakiti ilisema dakika 30. Hiyo ni kwa maji ya vuguvugu. Klorini hufanya kazi polepole kwenye baridi, na maji ya Mude yalisubirishwa saa nzima.

Saa 1:45, matembezi ya juu. Lengo lilikuwa kupanda hadi mita 4,000 kwenye njia inayoelekea Bwawa la Jackson, kukaa kidogo, kurudi kulala 3,500. Hesabu ya muda iliyotumika: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda, kisha ongeza nusu ya jumla kwa sababu ya hewa nyembamba. Kilomita 4 na mita 500 zilitoa saa 1 na dakika 38, na nusu yake ikafikisha kama saa mbili na nusu. Kikundi kilifika saa 4:20, dakika tano tu zaidi.

Mwendo wenyewe: hatua moja, pumzi moja. Kwenye mwinuko mkali goti la mguu wa nyuma hunyooshwa kwanza ili mfupa ubebe uzito kabla ya hatua inayofuata. Msuli unapata nukta ya kupumzika. Hakuna kukaa chini kwa zaidi ya dakika 5, maana jasho hupoa upesi na kuanza upya ni kazi. Koti huvaliwa kabla ya kukaa, si baada ya kusikia baridi.

Bwawa lenyewe, kama na kilele kimoja cha pale, lina jina la Frederick Jackson, aliyepanda mlima huu mwaka 1890 na baadaye akawa gavana wa Uganda. Wagisu wana jina lao la mlima mzima, Masaba, na lilikuwepo kabla yake.

Mmoja wa kikundi alikuwa na kile kifaa cha kubana kidole kinachopima oksijeni. Juu kilisoma asilimia 71 kwa mtu aliyekuwa akiimba. Kidole chake kilikuwa cha baridi. Kilipofumbatwa kwapani dakika tatu kikasoma 84, ambayo ni kawaida kwa kimo hicho. Kifaa kama hiki kina faida ukifuata mwenendo wa mtu yuleyule asubuhi na jioni. Kukitumia kuamua nani apande na nani abaki ni kukipa cheo kisicho chake.

Saa 6:10 kambini. Mawingu yalikuwa tayari yamepanda kutoka bondeni, kama desturi, na kufikia saa 8 mtu hakuona hatua 30 mbele. Ndiyo hali iliyokuwa ikingojewa kwa zoezi la ramani na dira. Zoezi hilo likifanywa kwenye jua ni mchezo, kwa kuwa kila mtu anatazama mahema badala ya sindano.

Kwanza kila mmoja alihesabu hatua zake kwenye mita 100 zilizopimwa kwa kamba ya mita 50, akihesabu mguu wa kushoto tu. Kwenye njia iliyokanyagwa wengi walipata kama 64. Kwenye nyasi za mafungu, ambapo unaruka fungu moja na kuzunguka jingine, walifika 90. Kisha vikundi vitatu vya watu wawili vilipewa kazi: kwenda mita 400 kwa mwelekeo uliotajwa hadi kwenye jiwe lililofungwa kitambaa chekundu, na kurudi. Mwongozaji alisimama na filimbi, na kila kundi lilikuwa na yake. Mlio mmoja ni “uko wapi”, mitatu ni “nimepotea, nimesimama”.

Kundi moja lilifika. Kundi la pili lilitumia hesabu ya njia kwenye nyasi: hatua 256 zilizopaswa kuwa mita 400 ziliishia kwenye mita 284, na likakaa likitafuta jiwe lililokuwa mita 116 mbele yake. La tatu lilishika dira kwenye mkono mmoja na simu kwenye mkono uleule. Simu ina sumaku ndani ya spika yake, na sindano ilipinda kama digrii 15. Kwa mita 400 hiyo ni zaidi ya mita 100 pembeni. Kikombe cha chuma kilichofungwa kifuani hufanya vivyo hivyo. Miamba ya Elgon ni ya volkano na baadhi ina chuma, kwa hiyo dira isiwekwe juu ya jiwe wakati wa kusoma. Tofauti kati ya kaskazini ya ramani na ya sindano upande huu wa Uganda ni ndogo, na kwa umbali kama huu unaweza kuiacha.

Mbinu iliyookoa muda wa kurudi ni kukosea kwa makusudi. Kambi iko kando ya kijito. Ukilenga kambi yenyewe kwenye ukungu na ukakifikia kijito bila kuiona, hujui uende kulia au kushoto. Ukilenga digrii 10 kushoto kwake, ukigusa maji unajua: kulia. Makundi yote matatu yalirudi hivyo, hata lile la simu.

Saa 9:30, kubeba mgonjwa. Turubai la mita 2 kwa 3 lilitandikwa, mtu wa kilo 68 akalazwa katikati juu ya mkeka, ndani ya begi la kulalia. Kingo za turubai hukunjwa kwa kusokotwa kuelekea mwilini hadi ziwe nene kama mkono wa mtoto, ndipo zishikike. Kwa vishikio sita, jiwe laini la ukubwa wa limau hufunikwa kwa turubai na kufungwa shingoni kwa kamba. Kitanzi cha kamba hakichomoki kwa sababu jiwe halipiti. Watu watatu kila upande, mmoja mbele anachagua njia na kutamka “fungu”, “shimo”, “jiwe”, mmoja kichwani anaangalia uso wa mgonjwa. Kuinua ni kwa hesabu ya mmoja tu. Mara ya kwanza watu wawili walihesabu, upande mmoja ukainuka mapema, na “mgonjwa” akabingirika nyasini, akisema maneno ambayo hayaandikwi hapa.

Mita 200 kwenye nyasi zilichukua dakika 14, kwa kubadilishana pande kila mita 50. Hiyo ni dakika 70 kwa kilomita, wabebaji wakiwa wabichi, mchana, bila tope wala mianzi. Baada ya hesabu hiyo hakuna aliyeuliza tena kwa nini daftari la alama linapitishwa kila jioni. Mwenye ugonjwa wa kimo anayeanza kuyumba kama mlevi au anayekohoa akiwa amekaa hushushwa saa ileile angali anatembea, hata kama ni saa 8 usiku, kwani akishindwa kutembea msafara wote wa watu 21 hautoshi kumfikisha Sasa kabla ya mapambazuko.

Saa 11:00, jikoni. Mude maji huchemka kwenye nyuzi 88 hivi. Maana yake kwa mpishi: maharagwe makavu hayaivi, hata yakitokota tangu mchana, isipokuwa kwa sufuria ya presha, na iliyokuwepo ilikuwa moja ya lita 7. Wali unaiva kwa hila. Kilo 2 na nusu za mchele ziliroweshwa dakika 40 kwenye maji ya vuguvugu, zikapikwa kwenye sufuria mbili, maji vikombe viwili na nusu kwa kikombe cha mchele, kifuniko kikiwa na jiwe juu. Maji yalipokauka kwa macho, sufuria zilifungwa kwenye mablanketi mawili kwa dakika 25. Bila blanketi, katikati ya punje hubaki kiini kigumu, na mpishi wa mjini huongeza moto, unaounguza chini na kuacha juu vilevile.

Posho (ugali wa mahindi) haina shida hiyo. Wanga wa mahindi huvimba na kushikana kwenye nyuzi 62 hadi 72, kwa hiyo nyuzi 88 zinatosha na kubaki. Unachofanya ni kusonga kwa muda mrefu kidogo. Ndiyo maana wapagazi, waliokula posho na mukene (dagaa) kwa rojo la karanga, walimaliza kula kabla wali haujatoka kwenye blanketi.

Jiko lilikingwa kwa ukuta wa mawe pande tatu, kimo cha sufuria, umbali wa shubiri moja kutoka kwenye moto. Mtungi haukuzungushiwa kitu, maana mtungi uliofungiwa pamoja na moto hupata joto ukalipuka. Asubuhi ya baridi moto huwa hafifu, kwa sababu propani imetangulia kuisha na butani inagoma kugeuka gesi karibu na nyuzi 0. Mtungi husimamishwa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu wa kuogea mtoto, basi. Maji ya moto, hapana.

Alama za usiku: tisa wote chini ya 2.

SIKU YA NNE. Wagagai (mita 4,321) na kurudi Mude

Saa 11:00 alfajiri, taa za kichwani. Waongozaji huhesabu kilomita 9 kwenda na 9 kurudi, mita 821 za kupanda. Saa ya kugeuka iliwekwa usiku uliotangulia na kuandikwa: saa 6:00 mchana, popote mtakapokuwa. Ikiwekwa njiani, haitawekwa kamwe.

Mzigo wa kila mtu: lita 2 za maji, chapati mbili, karanga za kukaanga, koti la mvua, kofia, glavu, taa na betri za akiba. Chupa ya maji hupakiwa mdomo chini, kwa kuwa barafu huanzia juu. Kabla ya jua, wawili waliopakia mdomo juu walikuta kizibo kimeshikwa.

Mita 4,000 za jana zilipitwa saa 1:20 bila mtu kusimama. Mbele yake senesio kubwa, zenye majani makavu yaliyojivika kama blanketi kuzunguka shina, husimama hadi karibu na ukingo wa kasoko (shimo la volkano). Ukingoni njia inapanda na kushuka juu ya miamba iliyolegea, na nafasi kati ya mtu na mtu ilipunguzwa hadi hatua mbili. Inaonekana kinyume, lakini jiwe linaloviringika kutoka karibu halijapata kasi.

Mmoja aligeuka kwenye mita 4,150 kwa kuishiwa nguvu, alama 3. Alirudi na mwongozaji wa pili, si peke yake na si na mwenzake mgeni. Hiyo ndiyo sababu waongozaji ni wawili. Wanane walifika kileleni saa 4:05 asubuhi. Kasoko yote ilionekana, Mto Suam ukitokea upande wa mashariki, na Sudek, mita 4,302, upande wa Kenya. Dakika 25 zilitosha. Saa 4:40 ukungu ulikuwa umeanza kuvuka ukingo.

Mude saa 8:15. Wengi hula vibaya siku hii kwa furaha na uchovu; supu ya chumvi na viazi ilitolewa kwanza, ndipo chai.

SIKU YA TANO. Mude hadi Budadiri

Mita 2,250 za kushuka kwa siku moja. Kucha za miguu zilikatwa usiku, zote, kwa mstari ulionyooka. Kamba za viatu zilikazwa kifundoni na kulegezwa vidoleni. Kinyume chake ndicho kinachofanya kucha ziwe nyeusi. Fimbo zilirefushwa kama sentimita 10 kuliko za kupandia. Magoti huumia zaidi baada ya saa tatu, pale mianzini, ambapo mtu anaruka badala ya kuteremka. Mudange ilishukwa kinyumenyume, dakika 65, kumi na tano zaidi ya kupanda.

Budadiri saa 10:50 jioni. Mizani ya kahawa ilipima takataka zilizorudishwa: kilo 5.6, nyingi zikiwa pakiti za biskuti. Mitungi ilipimwa pia. Gesi iliyotumika ilikuwa kilo 7 na robo kati ya 12, kwa hiyo safari ijayo ya watu 21 na siku tano itabeba mtungi mmoja wa kilo 6 na mwingine mdogo, na mpagazi wa pili wa gesi atabeba sufuria nyingine ya presha.